Mto Haumsubiri Mtaalamu

Umezoeleka, katika idara za maji, katika vyuo vikuu na hata miongoni mwa wafadhili wa miradi ya mazingira, msimamo kwamba kupima ubora wa maji ya mito ni kazi ya mtaalamu mwenye maabara, na kwamba mwananchi anayeshuka mtoni na wavu, chupa na karatasi ya kujazia hujielimisha tu, hazalishi maarifa ambayo serikali inaweza kuyategemea. Wanaoushikilia msimamo huu si watu wabaya wala si wavivu wa kufikiri. Hueleza kwamba kipimo chenye makosa kinaweza kufungisha kiwanda bila haki au kuwaacha wanakijiji wanywe sumu, kwamba asiyefunzwa hawezi kutofautisha wadudu wawili wanaofanana, na kwamba anayeishi kando ya mto ana maslahi yake, hivyo ataona kile anachotaka kukiona. Kwa sababu hizo mpimaji wa kujitolea hutengewa nafasi ya pembeni, ambapo hualikwa kwenye maadhimisho ya Wiki ya Maji na kupongezwa, kisha takwimu alizozikusanya hufungiwa kabatini. Makala haya yanashikilia kwamba msimamo huo umekosea tangu kwenye msingi wake, kwa kuwa unauhukumu ubora wa takwimu kwa usahihi wa chombo peke yake, ukaliacha swali linalotangulia, yaani ni nani aliyekuwapo mtoni jambo lilipotokea.

Mto haufanani na kisima wala bwawa. Maji yaliyokuwa yakipita darajani asubuhi sampuli ilipochukuliwa yamekwisha kwenda zake kabla gari la mpimaji halijafika maabara, na uchafu unaoyaharibu mara nyingi hauji kidogo kidogo kwa mwaka mzima, bali huja kwa mkupuo: mvua za kwanza zinapokokota samadi, mbolea na taka zilizolala miezi mitatu ya kiangazi, au mtu anapofungulia bomba la majitaka usiku. Kipimo cha kemia, kwa mfano cha oksijeni iliyoyeyuka majini ambayo samaki na wadudu huivuta, hueleza hali ya maji kwa dakika ile iliyopimwa na si zaidi. Mtaalamu anayefika mara nne kwa mwaka, hata awe na chombo kilicho bora kuliko vyote, huondoka na habari sahihi za siku 4 na kuacha siku 361 bila shahidi. Hata hizo siku 4 hazichaguliwi na mto. Sampuli ya bakteria wa kinyesi inapaswa kuwekwa kwenye ubaridi na kupimwa ikiwezekana ndani ya saa 6, na isipite saa 24, jambo linalovifanya vituo vya upimaji vifuate barabara nzuri na vijito vya milimani visahaulike, ingawa ndiko maji ya mto mkubwa yanakotoka. Uhaba huu ni wa dunia nzima, ila umewaelemea maskini. Umoja wa Mataifa ulipokusanya mwaka 2020 taarifa za nchi kuhusu ubora wa maji ya mito, maziwa na maji ya ardhini, nchi 89 ziliripoti zaidi ya sehemu 75,000 za maji, lakini zaidi ya robo tatu ya sehemu hizo zilikuwa katika nchi 24 tajiri, na nchi 20 maskini kuliko zote kwa pamoja ziliripoti zaidi kidogo ya 1,000. Kusema katika hali hiyo kwamba kazi iachiwe wataalamu ni kusema kwamba sehemu kubwa ya mito ya Afrika isipimwe kabisa, na anayetoa hoja hiyo anawajibika kuikubali tafsiri yake yote.

Gharama ya kutokuwa na shahidi ilionekana wazi kwenye Mto Mara. Mto huo huanzia kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, na baada ya safari ya takriban kilomita 395 humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Machi 2022, katika sehemu ya chini ya mto huo, maji yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi. Wananchi wakazuiwa kuyatumia, na serikali ikaunda kamati ya uchunguzi iliyotaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kuwa chanzo. Wengi hawakuamini, na kutoamini kwao kulikuwa na historia, kwa kuwa Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara na kuingia katika Mto Tigithe, tawi la Mara. Kwa upande mwingine, watafiti walioongozwa na Christopher Dutton walichapisha mwaka 2018 uchunguzi uliofanywa sehemu ya juu ya mto huo, wakaonyesha kwamba kinyesi cha viboko takriban 4,000 hurundikana katika madimbwi yao wakati maji ni haba, na kwamba mto ukijaa ghafla huyazoa madimbwi hayo, oksijeni ikashuka na samaki wakafa pasipo mkono wa kiwanda wala mgodi. Uchunguzi huo hauelezi yaliyotokea mwaka 2022, lakini unathibitisha kwamba samaki waliokufa, peke yao, hawamtaji muuaji. Ili kuchagua kati ya mifugo, mimea iliyooza, viboko na mgodi, anayechunguza anahitaji kujua maji yalikuwaje wiki kabla ya tukio, weusi ulianzia juu au chini ya mdomo wa kijito kipi, samaki wa kwanza walionekana wapi na saa ngapi, na wadudu wa kila tawi walikuwa hai au wamekufa. Kamati inayofika baada ya tukio, iwe na maprofesa wangapi, huchunguza yale ambayo mto umeyabakisha. Wanaoweza kuyajibu maswali hayo ni wavuvi, wachota maji na wanafunzi wa vijiji vya kando ya mto, kwa sharti kwamba walikuwa wamefundishwa cha kutazama na wakawa na daftari la kuandikia.

Hapo elimu ya viumbe wa majini hutoa msaada ambao kemia haiwezi kuutoa. Chini ya mawe ya kijito huishi wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, wanaoonekana kwa macho matupu, ambao hukaa majini kwa wiki nyingi au miezi, na baadhi yao mwaka mzima. Baadhi hawavumilii uchafu hata kidogo, wengine hustawi ndani yake. Hivyo orodha ya waliomo ni kumbukumbu ya yote yaliyopita juu ya mawe hayo, yakiwamo yaliyopita usiku mkaguzi akiwa amelala. Juu ya kanuni hiyo mtaalamu Mark Chutter alibuni Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, mfumo wa kuipa mito alama unaojulikana kwa kifupi cha SASS, na Tanzania nayo ina mfumo wake, TARISS, uliotayarishwa na watafiti wakiongozwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2015. Mifumo hiyo miwili huhitaji mtu aliyesomea. Kwa hiyo wataalamu wenyewe wa Afrika Kusini waliufupisha ule wa kwanza ukawa miniSASS, ambamo familia nyingi za wadudu zimekusanywa katika makundi 13 ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuyatambua kwa umbo.

Utaratibu wake ni huu. Mpimaji huingia majini hadi magotini, hushika wavu mdogo upande maji yanakoelekea, kisha kwa dakika 5 hivi hugeuza mawe, huyasugua kwa mkono na kuchokoachokoa changarawe kwa mguu, ili kilichoshikilia humo kichukuliwe na mkondo hadi wavuni. Kilichonaswa humiminwa katika beseni jeupe lenye maji kidogo, nalo huachwa litulie mpaka vilivyo hai vianze kujitenga na majani na mchanga. Mdudu bapa mwenye mikia miwili na miguu imara ya kung'ang'ania mawe, ambaye huhitaji maji baridi yaliyojaa oksijeni, ana alama 17, ambayo ni ya juu kuliko zote. Jamaa mwenye matamvua yanayopepea ubavuni mwa tumbo, kwa kawaida na mikia mitatu, ana 11, isipokuwa aina yake ndogo inayoogelea kama kisamaki, ambayo ni vumilivu na ina 5. Yule ajengaye ganda la changarawe na vijiti akajificha ndani yake, pamoja na nduguze wasio na ganda, ana 9. Kaa na uduvi wana 6, sawa na mabuu ya kereng'ende. Konokono wana 4. Na mwisho kabisa wapo minyoo, ruba na mabuu ya nzi na mbu, wenye 2. Alama hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana. Beseni lenye makundi ya 17, 11, 9, 6 na 6 hutoa wastani wa 9.8, na kijito hicho kina afya. Beseni lenye konokono, minyoo, ruba na mabuu ya nzi hutoa 2.5, na hapo hakuna haja ya mabishano. Mto wa mawe na mto wa mchanga haulinganishwi kwa ngazi moja, na jambo hilo mpimaji hufundishwa siku ya kwanza. Mtu aliyewahi kuinamia beseni la namna hiyo hawezi tena kuyaita maji ya mto kuwa safi kwa sababu tu yanaonekana maangavu.

Inasalia hoja ya usahihi, ambayo wapinzani huitaja kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Imechunguzwa, na uamuzi haukuwa ule wanaoudhani. Mwaka 2001 Leska Fore na wenzake walichapisha katika jarida la Freshwater Biology ulinganisho wa sampuli za wadudu zilizokusanywa na wapimaji wa kujitolea wa jimbo la Washington, Marekani, na zile za wataalamu, wakaona kwamba kwa watu waliofunzwa vizuri hapakuwa na tofauti ya maana kitakwimu katika ukusanyaji wa uwandani. Mwaka uliofuata Sarah Engel na Reese Voshell walikagua utaratibu uliokuwa ukitumiwa na wapimaji wa kujitolea wa jimbo la Virginia, wakaukuta na kasoro kubwa, kwa kuwa ulivipa vijito alama za juu kuliko vilivyostahili. Uchunguzi huu wa pili una thamani kuliko wa kwanza, na wanaowatilia shaka wananchi wangepaswa kuusoma kwa makini. Kasoro ilikuwa katika kanuni ya kukokotoa, na kanuni hiyo haikutungwa na wapimaji. Ilipobadilishwa, watu wale wale, kwenye vijito vile vile, walitoa majibu yaliyokaribiana sana na ya wataalamu. Zaidi ya hapo, kosa lilielekea upande wa kuusifu mto. Wale wanaosemwa kuwa hukuza madhara ili wapate kulalamika walikuwa, kwa kanuni waliyopewa, wakiyapunguza.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Katika bonde la Sondu-Miriu, magharibi mwa Kenya, watafiti walisimika vipimo 13 vya kina cha maji, kila kimoja na bango la maelezo, na kumwomba yeyote apitaye asome maji yamefika alama gani, kisha atume ujumbe mfupi kwa simu yake, naye akapata jibu papo hapo. Katika mwaka wa kwanza, kwa mujibu wa taarifa waliyochapisha mwaka 2018, watu 124 walituma vipimo halali 1,175, na vilipolinganishwa na vya mtambo unaojiendesha vilionekana kuwa vya ubora wa juu. Mpinzani atasema kwamba asilimia 41 ya watu hao walituma mara moja tu wakaacha, na ni kweli. Lakini katika taarifa hiyo hiyo watu 13 walituma zaidi ya mara kumi kila mmoja, na mtandao wa upimaji haujengwi kwa wapita njia wote. Hujengwa kwa hao wachache ambao mto uko kwenye njia yao ya kila siku. Ofisi ya bonde ambayo ingetaka kuajiri watu 13 kwa kazi hiyo isingepata fungu la kuwalipa.

Hoja hizi hazisemi kwamba maabara haina kazi. Mwananchi hawezi kuitambua zebaki kwa macho wala kutaja jina la kiuatilifu kilichoua wadudu, na matokeo ya beseni jeupe, yakipelekwa mahakamani peke yake, wakili mwerevu atayavunja kwa sababu hakuna mlolongo wa hati unaoonyesha sampuli ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Kinachokataliwa hapa ni dhana kwamba, kwa kuwa hatua ya mwisho ni ya mtaalamu, ya kwanza nayo iwe yake. Mto Kennet wa Uingereza unaonyesha jinsi kazi inavyogawanyika. Mwanzoni mwa Julai 2013, wapimaji wa kujitolea waliozoea kuhesabu wadudu wa mto huo karibu na mji wa Marlborough walikuta wadudu na uduvi wamekufa, wakatoa taarifa kwa wakala wa serikali wa mazingira. Wataalamu wakaja, wakachukua sampuli, wakagundua kwamba kiuatilifu kiitwacho chlorpyrifos kilikuwa kimeingia mtoni kupitia mtambo wa majitaka na kuangamiza wanyama wadogo kwa urefu wa takriban kilomita 15. Maji yalikuwa maangavu na samaki walikuwa hai. Bila watu waliojua beseni lao hujaa nini wiki za kawaida, hakuna ambaye angeona kwamba mto umekufa kwa chini, na maabara isingekuwa na sababu ya kutafuta sumu hiyo kwa jina.

Kuhusu maslahi, ni vigumu kuelewa kwa nini dai la upendeleo huelekezwa kwa mnywaji wa maji pekee. Mwenye kiwanda anayemlipa mshauri apime majitaka ya kiwanda hicho ana maslahi, na ofisi inayoogopa kukiri kwamba ilishindwa kazi ina maslahi makubwa zaidi. Mjini Flint, Marekani, baada ya chanzo cha maji ya bomba kubadilishwa Aprili 2014, wakazi walilalamika kwa miezi mingi huku mamlaka zikisisitiza kwamba maji ni salama; mwaka 2015 wakazi hao, wakishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, waligawa vifaa 300 vya kuchukulia sampuli, zaidi ya 250 vikarudi, na kiwango cha risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, kikaonekana wazi. Katika takwimu rasmi, sampuli mbili zenye kiwango cha juu zilikuwa zimeondolewa, na kwa kuondolewa huko kiwango kilichokokotolewa kikashuka chini ya mpaka wa kisheria. Dawa ya upendeleo, kwa mwananchi na kwa ofisi, ni utaratibu ulio wazi na vipimo vinavyoweza kurudiwa na mtu mwingine. Cheti cha mpimaji hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Ipo hoja moja dhidi ya upimaji wa kujitolea ambayo ni nzito kweli, nayo hutolewa mara chache kuliko inavyostahili: kwamba serikali inaweza kuupokea kwa furaha ili ijivue wajibu, ikawaachia maskini, na hasa wanawake ambao tayari hubeba ndoo kwa saa nyingi, wafanye bure kazi ambayo kodi yao imekwisha kuilipia. Hatari hiyo ipo, na miradi mingi imeanguka ndani yake, ikagawa nyavu kwa msimu mmoja, ikapiga picha, ikaondoka, na wapimaji wakaendelea kujaza karatasi ambazo hakuna aliyezisoma mpaka wakachoka. Kuchoka kwao hakukuwa kasoro ya tabia. Mtu akipeleka taarifa mara tatu bila jibu amejifunza kwamba taarifa yake si kitu, na anayemlaumu kwa kukata tamaa anamlaumu asiyestahili. Ndiyo maana kujitolea kunahitaji masharti yenye gharama kwa upande wa pili: vifaa vinavyobadilishwa vikichakaa, mafunzo yanayorudiwa kila mwaka, sehemu ya vituo kurudiwa na mtaalamu ili makosa yaonekane mapema, nauli na posho kwa anayesafiri, na zaidi ya yote, jibu.

Kisheria, mlango umekwisha kufunguliwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nchini Tanzania, inayotekelezwa kupitia bodi za mabonde 9, inazitambua jumuiya za watumia maji, na Kenya ina jumuiya za namna hiyo chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Jumuiya hizi zina viongozi na mipaka inayofuata mto, na wanachama wake hulima, huchunga au hufua ndani ya hatua chache kutoka kwenye maji; lakini nguvu zao nyingi huishia kwenye migogoro ya zamu za umwagiliaji na ulinzi wa zile mita 60 za kingo ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza kufanyiwa shughuli zinazoharibu chanzo. Kuziongezea upimaji wa kila mwezi wa wadudu na wa uangavu wa maji hakuhitaji sheria mpya wala wizara mpya. Kunahitaji kila bodi ya bonde imteue afisa mmoja ambaye kazi yake iliyoandikwa ni kupokea vipimo hivyo, kuvikagua, kuvitangaza kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na kumjibu aliyevituma kabla siku haijaisha, akiwa na mamlaka ya kumwita mtaalamu wa maabara pale alama za kijito zinaposhuka ghafla. Matawi ya Mto Mara upande wa Tanzania yanafaa kuwa mahali pa kuanzia, na kiangazi kinafaa kuwa wakati wake, maji yakiwa machache na mawe yakifikika, ili kila tawi liwe na rekodi ya miezi kadhaa kabla ya mvua za Machi na kamati yoyote itakayotumwa huko siku zijazo ipate kuanza kazi yake na madaftari hayo mezani.